Chuma Hakinenepi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na doti ya kitenge, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu: "Mama Adventina, kipimo gani kilikushinda?" Nikajibu kwamba vyote vilinishinda kwa zamu, mkacheka, tukarudi kwenye pilau kabla haijapoa. Lakini swali lile nimekaa nalo. Sasa sina kazi ya kukimbilia, na saa mliyonipa inapiga kelele ukutani, basi nimeamua kulijibu vizuri.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara mnaijua. Nitaandika habari za tangi namba tatu la depo ya Igogo, na za mzee aliyenifundisha kazi.

Nilifika Mwanza kwa meli ya asubuhi kutoka Bukoba, miaka ya tisini ikiwa michanga. Nilikuwa na cheti cha ufundi kwenye bahasha ya kaki, na viatu vya mchuchumio nilivyoazimwa na dada yangu ili nionekane mtu. Depo yetu ya mafuta ilikuwa pale Igogo karibu na maji: matangi matano, njia ya reli ya kuleta mabehewa, na ukuta mfupi wa kuzuia mafuta yasikimbilie ziwani kama tangi lingepasuka. Upande wa ziwani ukuta huo nao ulikuwa umepasuka, na ufa wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mbuzi walipita. Chini ya ufa, kwenye mawe, akina mama wa Igogo walifua nguo na kuchota maji kila asubuhi.

Meneja alinitazama viatu, akaniuliza naweza kupiga chapa maneno mangapi kwa dakika. Nilipomweleza kwamba nimekuja kukagua matangi alivitazama tena viatu, kisha akanipeleka kwa Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa ndiye mkaguzi pekee wa depo. Alikuwa Msukuma wa Usagara, mrefu, mkavu, na tabia yake moja ilinisumbua tangu dakika ya kwanza: ukiongea alikutazama mdomoni. Mimi nina mwanya. Nikadhani anautazama, nikaanza kuongea midomo nikiwa nimeibana nusu.

"Fungua mdomo, mwanangu," akaniambia. "Huku hatuibi maneno." Kisha akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu vyako ni vya kanisani. Kavivue."

Akanipa buti zilizonizidi namba mbili na magazeti ya kujaza mbele, akanipeleka kwenye tangi namba moja, akaniwekea nyundo mkononi. Ilikuwa nyundo ndogo ya shaba, kwa sababu shaba haitoi cheche, na kwenye depo ya mafuta cheche moja inatosha. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mabonde. Mpini alikuwa ameuchonga mwenyewe kwa mti wa mpera.

"Gonga," akasema. "Kisha nyamaza. Usigonge tena kabla mlio wa kwanza haujakwisha."

Nikagonga. Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia bamba linaita kama kengele ya shule. Akanisogeza hatua sita hadi mahali palipokuwa na alama ya chaki, akaniambia nigonge hapo. Pale sauti ilikuwa fupi, kama mtu aliyejibu huku amekasirika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo kutu imekula kwa ndani. Chuma kizima kinaita, chuma kilicholiwa kinakata. Siku ya leo inatosha."

Nikamwambia ni saa tatu tu asubuhi. Akasema basi nigonge tangi zima, na nikimaliza nizunguke tena.

Hivyo ndivyo nilivyosoma kazi. Mwezi mzima niligonga na kunyamaza. Alinifundisha kwamba tangi huliwa zaidi chini, kwa sababu maji hujitenga na dizeli na kukaa sakafuni, na pale maji yalipokaa muda mrefu kutu huchimba mashimo. Alinifundisha kwamba bamba la chini ndilo linalobeba uzito wote, kwa hiyo kila tangi lina unene wake ambao chini ya hapo hulijazi, hata aje nani. Kwa matangi yetu ulikuwa milimita mbili na nusu. "Hiyo mbili na nusu ni mpaka," alisema. "Ukishavuka, unasali."

Alinifundisha pia lugha ya kugonga. Ndani ya tangi sauti ya mtu haina kazi, inazunguka ukutani mpaka neno linapoteza kichwa na mkia. Kwa hiyo watu wa depo walikuwa na desturi: gonga mara tatu, maana yake nakuja. Mara mbili, toka. Mara moja, nipo. Hakuna aliyeingia wala kutoka bila kugonga, hata meneja, na ukisahau ulinunulia wenzako chai.

Jambo moja tu nililiona ni ukaidi wa kizee. Glavu alivaa mkono wa kushoto, wa kulia aliuacha wazi, jua liwake au mvua inyeshe. Kiganja kilikuwa kimejaa sugu. Nilipomkumbusha kanuni za usalama alinijibu, "Mkono wenye glavu haufundishiki." Nikaona ni misemo ya wazee, nikavaa glavu zangu mbili.

Mwaka wa pili au wa tatu tuliitwa kusafisha tangi namba moja. Tuliliacha wazi siku mbili hewa chafu itoke, kisha Mzee Masanja akaingia na taa kuchora alama zake, nami nikakaa kwenye tundu la kuingilia, kama inavyotakiwa. Mara wingu likapanda kutoka upande wa Kamanga, jeusi, na radi ikaanza. Radi na matangi ya mafuta si marafiki. Nikaingiza kichwa, nikaita, "Mzee!" Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, amenipa mgongo, anachora. Nikaita tena, kwa nguvu. Ikapiga radi iliyonitetemesha meno. Akaendelea kuchora, polepole, duara zuri la chaki.

Ndipo nilipokumbuka desturi. Nikagonga mara mbili. Hapo hapo akaweka chaki mfukoni, akageuka, akaja.

"Ulikuwa unaita nini?" akaniuliza alipoona uso wangu. "Ungegonga." Akachungulia nje, akaona maji yanavyomwagika. "Kumbe mvua."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Mtu ambaye radi ile hakuisikia hasikii kitu. Kila kitu kikajipanga kichwani: kutazama midomo, kutomjibu meneja aliyeita kutoka nyuma, kuniuliza mimi kila mara nimesikia nini. Mwalimu wangu wa kusikiliza chuma alikuwa kiziwi.

Mnielewe kuhusu nyakati zile. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Kila mwezi tulisikia kiwanda fulani kimepata mwenye nacho, na kila chenye mwenye nacho kilitoa orodha ya kupunguza watu. Ukikohoa mbele ya meneja uliogopa ataandika una kifua. Mzee Masanja alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu kwa heshima yake, na nilijua mkaguzi wa nyundo asiyesikia angekuwa wa kwanza kwenye orodha. Nikaamua kumficha.

Nikawa masikio yake. Meneja akiongea kutoka pembeni, nilirudia maneno yake nikiwa nimemwelekea Mzee, kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. Wakati wa mikutano nilikaa mbele yake. Na jambo moja nililifanya bila kumwambia mtu: saa ya chakula, yeye akiwa kivulini na kiporo chake cha viazi na maziwa, nilirudia kugonga kila bamba alilolipitisha asubuhi, nisikie mwenyewe. Nilimpenda kama baba. Nikadhani huo ndio upendo wenyewe, na ulikuwa upendo kweli, ila ndani yake kulikuwa na dharau niliyokuwa siioni.

Kisha nikapelekwa Dar es Salaam wiki sita kusomea kipimo kipya, kile kinachotuma mlio usiosikika ndani ya chuma na kuhesabu unavyorudi, kisha kikakuandikia unene kwenye kioo. Nyinyi mmezaliwa mkikikuta. Sisi tulikishangaa. Depo nzima wakakiita redio, kwa sababu kilikuwa na ukubwa huo na mkanda wa kuning'iniza begani. Kilikuja na chupa mbili za jeli ya kupaka kabla ya kupima. Jeli ikaisha mwezi wa kwanza, nikawa napika uji mwepesi wa muhogo na kuupaka. Ulifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa sisimizi.

Mzee Masanja aliitazama redio ikionyesha namba, akaniambia, "Nyinyi Wahaya mlichokuwa mmekosa ni mashine ya kuwakubalia." Lakini aliniruhusu nipime alipochora, na tukakuta mara nyingi redio na chaki vinakubaliana. Nikashangaa kidogo kwamba vinakubaliana. Sikushangaa vya kutosha.

Hatimaye zamu yetu ikafika. Wanunuzi wa depo wangekuja Jumatatu. Mwakilishi wao angeangalia matangi, angepokea ripoti yangu ya unene, na Alhamisi mabehewa yangeshusha dizeli tangi namba tatu lijazwe mpaka juu mbele ya macho yake. Likishika, mkataba unasainiwa.

Meneja akafanya kile ambacho depo ilifanya siku zote mgeni akija. Akaagiza rangi.

Hii desturi niieleze, maana ndiyo iliyotaka kutuua. Tangu depo ijengwe, kila mkubwa aliyetangazwa kuja, matangi yalipigwa rangi. Hakuna aliyekuwa na muda wa kukwangua ya zamani, na hakuna aliyetaka kufunga majukwaa, kwa hiyo watu walipaka sehemu ya chini tu, kuanzia ardhini hadi macho ya mgeni yanapofika. Mgeni akaja, akasifu usafi, akaondoka. Miaka thelathini ya wageni ilikuwa imelala pale, tabaka juu ya tabaka.

Rangi ilipokauka nikapeleka redio. Nikataka kukwangua sehemu za kupimia, kama nilivyofundishwa. Meneja akaja mbio. "Utaharibu rangi ya wageni? Si mashine ya kisasa hiyo, haiwezi kuona ndani ya rangi?" Nikaomba walau tangi namba tatu lifunguliwe nione ndani. Akasema kulisafisha ni wiki nzima, na wiki hatuna. Nami nilikuwa na haraka, na nilikuwa na fahari ya redio yangu. Nikapima juu ya rangi.

Redio ikasema tano. Sehemu nyingine ikasema sita, hata saba. Juu, ambako rangi haikufika, ikasema tano na kitu. Nikajiuliza mbona chini ni nene kuliko juu. Nikajijibu kisomi: matangi mengi hujengwa hivyo, bamba nene huwekwa chini. Michoro ya matangi yetu ilikuwa imepotea zamani, hakuna wa kunipinga.

Mzee Masanja alikuwa nyuma yangu na nyundo. Alifika upande wa ziwani, juu kidogo ya goti, akagonga. Akagonga tena. Akapapasa mpini. Kisha akatoa chaki akachora duara kubwa juu ya rangi mpya ya wageni.

"Hapa pamekwisha," akasema. "Nyundo hairudi."

Nikamgeukia ili anione midomo. "Mzee, hapo redio imesema tano. Mpaka wetu ni mbili na nusu."

"Redio yako inasema tano. Mimi nasema hiyo mbili na nusu haifiki."

Nikagonga mimi. Rangi ilikuwa imefunika mlio, sauti ilikuwa nzito kila mahali, pazuri na pabaya. Sikusikia tofauti yoyote. Na nikawaza jambo ambalo mpaka leo linaniumiza kuliandika. Nikawaza: mimi mwenye masikio sisikii, huyu atakuwa amesikia nini? Nikamshika bega, nikamwambia kwa upole, "Sawa, Mzee." Nikaandika tano. Jumanne nikasaini ripoti.

Meneja akatuma mtu afute lile duara. Kesho yake asubuhi lilikuwepo tena. Likafutwa. Mchana likarudi. Mara ya tatu meneja akaniuliza kama mzee wangu ameanza kuchanganyikiwa, na nikasikia nafsi yangu ikisema, "Amechoka tu, bosi."

Jumatano, siku moja kabla ya kujaza, sikumwona Mzee kwenye chakula. Nikamtafuta. Nikamkuta chini ya ule ufa wa ukuta, kwenye mawe, buti mkononi na suruali ameikunja, amebeba karai la nguo za mtu. Alikuwa anawahamisha akina mama. Aliwaonyesha kwa mkono waende kule mbali, karibu na mitumbwi, akimchukulia huyu karai na yule ndoo. Wengine walikuwa wanamcheka. Mmoja alikuwa anamfokea kwamba mawe yale ni yake tangu anaolewa. Yeye alikuwa anaitikia tu kwa kichwa na kubeba.

Nikashuka. Nikasimama mbele yake. "Mzee, unafanya nini?"

"Wewe umeandika yako," akasema. "Na mimi nafanya yangu."

Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililonishinda. Nikakaa kwenye jiwe. Nikamuuliza anajuaje. Sikutaka kumaliza swali, lakini nilikuwa nimeshalianza. "Mzee, mimi najua kwamba wewe..." Nikagusa sikio langu.

Akaweka karai chini, akacheka hadi akina mama wakageuka.

"Unadhani sijui kwamba unanirudia nyuma saa ya chakula? Nakula viazi nakuona. Nikasema acha mtoto ajifunze, kugonga mara mbili si dhambi." Akakaa karibu yangu. "Masikio yangu yalikwisha kabla hujaja. Pampu za zamani ziliyamaliza. Siku ile ya kwanza nilipokuambia gonga usikilize, nilikuwa simsikii hata meneja."

"Sasa ulinifundishaje?"

"Wewe una masikio, nikakufundisha ya masikio. Mimi yangu ni haya." Akafungua kile kiganja cha sugu.

Tulipanda pamoja hadi tangi namba tatu. Akanivua glavu ya kulia mwenyewe, kama unavyomvua mtoto, akaniwekea ule mpini wa mpera, akafunika mkono wangu kwa wake. Tukagonga mbali na duara. Nyundo ikaruka nyuma, ikagonga ndani ya kiganja changu. Tukagonga ndani ya duara. Haikuruka. Ilitua na kulala pale, kama umegonga gunia la pumba. Tukarudia. Mbali, ikaruka. Ndani, ikalala. Kumbe ndiyo maana alinijibu nilipogonga siku ya mvua na hakunijibu nilipoita. Miguu yake ilikuwa juu ya chuma. Mtu huyu hakuwahi kukosa kunisikia, mimi ndiye niliyekuwa namwita mahali asipokuwepo.

Nikalia. Naandika hivyo hivyo, bila kuficha. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaniambia nilete kisu na brashi ya waya, machozi hayakwangui rangi.

Rangi ilitoka kwa magamba. Fedha, nyeupe, kijivu, fedha tena, unene wake ukikaribia unene wa sarafu. Mlio wa redio unatembea polepole ndani ya rangi, na mashine haijui, inahesabu muda wote kama ni chuma. Milimita moja ya rangi inakudanganya milimita mbili na zaidi. Nilifundishwa hayo Dar es Salaam na nilikuwa nayo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Chuma kilipobaki uchi, nikapaka uji, nikaweka kipimo. Mbili nukta tatu. Nikasogeza. Mbili nukta moja. Nikamgeuzia Mzee kioo aone.

"Hata yenyewe imekubali," akasema.

Nikaenda kwa meneja. Ofisini alikuwepo mwakilishi wa wanunuzi, mwanamume mpole wa makamo mwenye tai. Nikawaambia naondoa sahihi yangu kwenye ripoti, na tangi namba tatu halijazwi. Meneja alisimama, akakaa, akasimama tena. Alinikumbusha kwamba mabehewa yameshafika Usagara. Nikamwambia yapelekwe tangi namba mbili na tano, hata ikichukua siku nne, au anitafutie mtu mwingine wa kusaini.

Mwakilishi akauliza taratibu, "Jana ulituandikia tano. Leo mbili. Nani amekuonyesha?"

Hapo nikakwama. Ningeweza kusema nilikwangua mwenyewe. Ningekuwa nimemficha tena, na sifa ningechukua mimi. Mzee Masanja alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mdomoni, akijua kila neno nisilolisema. Akaingia.

"Ni mimi," akasema. "Mimi sisikii, bwana. Miaka mingi sasa. Lakini tangi hilo limekwisha, na mkono wangu hauna sababu ya kukudanganya."

Mwakilishi alimshukuru kwa heshima. Pia aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Tangi namba tatu lilifunguliwa wiki mbili baadaye. Fundi wa kuchomelea alipokata lile bamba na kulilaza chini, kwa ndani lilikuwa na mashimo mashimo kama sega la nyuki, na Mzee akachukua bisibisi akaipitisha kwenye moja kwa mkono mmoja tu. Meneja aliangalia ile bisibisi, kisha akaangalia kule kwenye mawe ambako wale akina mama walikuwa wamesharudi kufua. Tangu siku hiyo hakuagiza rangi bila kuagiza na msasa.

Ningependa kuwaambia kwamba walimbakiza. Hawakumbakiza. Orodha ilipobandikwa jina lake lilikuwa la pili, na alisoma mwenyewe kwa kidole, akarudi kazini akamalizia zamu. Nilimfuata nikamwambia kosa ni langu, kwamba ningesema mimi ndiye niliyekwangua angekuwa bado yupo. Akanikazia macho.

"Ningekuwa nipo, nikiwa mtu wa kufichwa," akasema. "Hiyo si kazi, mwanangu. Wabeja, asante, lakini basi."

Siku yake ya mwisho nilitegemea kimoyomoyo kwamba ataniachia nyundo. Hakuniachia. "Huu mpini umekaa mkono wangu," akasema. "Tafuta mpera uchonge wako." Nilichonga minne nikavunja mitatu. Wa nne ndio mnaouona kwenye kabati la karakana, na msiniombe, mipera ipo.

Basi kipimo kilichonishinda ni kile. Bamba lililozaliwa na milimita sita, kama kingo zake zilivyoonyesha lilipokatwa, likanisomea saba, na mimi, msomi, nikalitafutia sababu. Chuma hakinenepi. Ukikuta kimenenepa, kuna kitu umekipaka juu, na mara nyingine kitu hicho ni huruma yako. Kwangueni kwanza.

Miaka ile yote nilikuwa nikimtembelea Usagara. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na hofu, kwa sababu mke wake, Mama Kabula, alikuwa ameniambia sokoni kwamba Mzee hasikii hodi, watu wanafika wanaondoka. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, amenipa kisogo, mgongo ameuegemeza kwenye tangi la chuma la maji ya mvua. Nilitaka kuzunguka mbele anione. Kisha nikakumbuka desturi yetu. Nikainama, nikagonga lile tangi kwa ngumi, mara tatu.

Hakugeuka. Aliinua mkono wake wa kulia, akagonga tangi nyuma ya bega lake mara moja.

"Karibu, Adventina," akasema akitazama shamba lake. "Ila hapo ulipogonga pamekwisha. Pandisha mkono."

Nikapandisha mkono, nikagonga tena.